Mali ya Mwenye Gari

Sumaku ya yule mthamini ilikuwa imevaa soksi ya mtoto mchanga. Soksi ya bluu, imetoboka kidogo kisiginoni, na ndani yake sumaku yenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Alikuwa anaipitisha juu ya bodi ya gari la mama yangu taratibu, huku ameinamisha sikio. Soksi ni ya kuzuia sumaku isichubue rangi. Sumaku yenyewe inanasa kwenye bati. Ikifika mahali palipozibwa kwa puti inateleza, na hapo mthamini anajua kuna kidonda kimefunikwa.

Haikuteleza hata mara moja. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na brashi mkononi, sina ninachopaka, nikiomba ateleze japo yeye mwenyewe ili mtu aseme kitu. Mimi mtu akikaa kimya huku anakagua kitu changu, roho inakuwa juu juu.

"Puti hakuna," akasema mwishowe, na kwa sauti yake ungedhani amedhulumiwa.

"Puti ni ya wavivu," akajibu baba yangu kutoka kwenye benchi lake.

Mle karakana tulikuwa wanne. Baba, fundi bodi wa miaka themanini kasoro, magoti yamechoka lakini mdomo bado mzima. Kaka yangu, anayefanya kazi ofisi ya bima, ambaye ndiye aliyemleta mthamini na alikuwa anatazama saa yake kila baada ya dakika mbili. Mthamini mwenyewe, shati jeupe lililopigwa pasi, ambaye moyoni nilishampa jina la Bwana Soksi. Na mimi, fundi bodi na rangi, mtoto wa pili, ambaye mama aliniita Kiguu kutokana na kiguu na njia. Tangu nitambae sijatulia mahali. Hata chakula nakula nimesimama, na nikilazimishwa kukaa nachezesha mguu mpaka vyombo vinalia.

Kilichotufikisha hapo ni kiwanja. Mwenye kiwanja cha karakana alikuwa ameamua kuuza. Hakuwa mtu mbaya. Alisema miaka arobaini si mchezo, akatupa nafasi ya kwanza ya kununua na miezi mitatu ya kujipanga. Mwezi mmoja ulishayeyuka. Tukishindwa, kiwanja kinakwenda kwa watu wa maghala, na mimi ninaanza kugonga bodi za watu kando ya barabara, mvua ikinyesha nafunga kazi. Kitu pekee tulichokuwa nacho cha kuweza kuleta bei ile ni gari la mama. Mama alifariki mwaka juzi. Gari lake dogo la milango miwili, la miaka ya sitini, lilikuwa limebaki mle ndani chini ya turubai, na kaka alikuwa amesikia ofisini kwamba kuna watu wanaokusanya magari ya kale na wanalipa pesa ambazo ukitajiwa unaomba maji ya kunywa.

Mthamini akavua sumaku soksi, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

"Mzee, nisikufiche," akasema. "Gari limechezewa."

Neno hilo kila fundi analijua. Ukiambiwa gari limechezewa, maana yake limepitiwa na mikono isiyojua, limekatwa na kuungwaungwa, usilinunue. Niliweka brashi chini. Nikaiokota tena.

"Limechezewa na nani?" nikauliza.

"Dada, sina nia mbaya. Kazi ni safi. Miaka yangu yote sijaona mishono ya kuchomelea kama hii. Lakini mtu anayekusanya gari la kale analitaka lilivyotoka kiwandani. Hili sasa..." Akafungua fomu yake, akaanza kusoma. Paa limekatwa na kuinuliwa upande wa dereva. Mlango wa dereva si wake, umepanuliwa na unafungukia nyuma. Sakafu imeshushwa. Breki imeongezewa mkono. Injini si yake. Giaboksi si yake, ni ya otomatiki, ya gari la ukoo mwingine kabisa. Kiti cha dereva: cha kutengenezwa kienyeji, hakina thamani.

"Hakina thamani," baba akarudia polepole.

Kila alichokisoma mimi nilikijua mwaka wake. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule. Nilipokuwa na miaka saba alianguka ngazini na mzigo wa vitambaa kichwani, na nyonga yake haikupona sawasawa. Kila mwaka ilikataa jambo moja jipya. Alikataa kupelekwa na mtu. Alitaka kuendesha mwenyewe, na kupeleka sare zake mwenyewe. Basi nyonga ilipokataa kupanda, baba alishusha sakafu. Ilipokataa kujipinda, alimtengenezea mlango mpana unaofungukia nyuma. Shingo nayo ilipokaza, paa likapanda. Mguu wa kushoto ulipogoma kukanyaga klachi, baba akatafuta giaboksi ya otomatiki, giaboksi ikagoma kukaa na injini ya zamani, na injini nayo ikatoka. Cha mwisho kilikuwa kiti. Chini yake kuna springi, na ubavuni kuna kitufe kidogo. Ukikibonyeza, kiti kinapanda taratibu na kukusukuma mpaka umesimama. Mama hakutaka kushikwa kwapa. "Mimi si gunia," alikuwa anasema. Majirani waliliita lile gari Kiraka, na mama akalipenda jina kuliko wao.

"Kwa hiyo bei yake?" kaka akauliza.

Mthamini akatafuta pa kukaa. Akakaa kwenye kigoda cha wateja kilichoko karibu na geti, kile chenye mto wa maua alioushona mama, akafuta jasho la shingo. Bei aliyoitaja ilikuwa ya gari la kunyofoa spea. Ingetununulia kona moja ya kiwanja, tena ile kona yenye mtaro.

"Inaniuma hata mimi," akasema, na nadhani ilikuwa kweli. "Kwa namba ya chasisi, hili ni miongoni mwa yale ya mwanzo mwanzo. Yaliyobaki unaweza kuyahesabu kwa vidole. Kama paa lake lingekuwepo, na mlango, na viti, na hasa hasa injini yake ya kuzaliwa, yenye namba inayolingana na kadi, mngenunua kiwanja hiki na chenji ikabaki. Mzee, ile injini huna?"

Baba akamtazama. Mimi nikamtazama baba. Kaka akatazama saa.

"Mimi sina," baba akasema.

Mthamini akatikisa kichwa kwa huzuni, akajiweka sawa juu ya mto wa maua. Chini ya mto ule kulikuwa na ubao, na chini ya ubao, ikiwa imefungwa ndani ya turubai lenye grisi, kulikuwa na injini ya kuzaliwa ya gari la mama yangu.

Aliondoka akisema angerudi keshokutwa na karatasi za kutia saini, kama tumekubali bei. Kaka akaondoka naye. Mimi nikafagia karakana mara tatu.

Kwenye ukuta wetu kuna kibao ambacho mama alikiandika kwa mkono wake: SPEA YA ZAMANI NI MALI YA MWENYE GARI. Baba alianza kazi enzi ambazo fundi alikuwa anakwambia amebadilisha kitu kumbe amekipangusa tu. Akajiwekea sheria. Anachokitoa kwenye gari lako anakuwekea mkononi, hata kama ni nati iliyooza. Wateja wengine wanakitupa hapo hapo nje ya geti, lakini wamekiona. Na Kiraka lilikuwa gari la mama, kwa kadi na kwa pesa zake za cherehani. Kwa hiyo kila baba alipokata kitu, alimkabidhi mwenye gari kwa heshima zote. Na mwenye gari hakuwa mtu wa kutupa.

Paa lilikwenda kufunika banda la kuku. Viti vya nyuma, vilivyotolewa kupisha marobota ya vitambaa, ndiyo makochi ya sebuleni kwetu. Mlango wa dereva ukawa mlango wa kabati la nyuzi. Mama alikuwa hafungui, anazungusha hendeli, kioo kinashuka, anachukua uzi wake, anapandisha kioo. Kiti cha dereva alikikalia akishona. Giaboksi ilizuia geti lisipigwe na upepo. Injini iligeuzwa kigoda kwa sababu mama alisema wateja wakisimama sana wanaharakisha kazi na kazi ikiharakishwa inaharibika. Kila mwaka, mvua zikikaribia, baba alikuwa anaondoa mto na ubao, anamwaga oili kwenye silinda, anaizungusha ile injini kwa mkono mara kadhaa, anafunika. Mimi nikidhani ni mazoea ya uzee.

Kaka hakujua lolote. Miaka hiyo alikuwa shule ya bweni. Akirudi likizo anakuta makochi mapya, anakaa, anaomba chakula. Hakuwahi kuuliza yametoka wapi.

Jioni ile nyumbani nilizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Nikaenda kwenye banda nikagonga paa kwa kidole: zima, kutu kidogo pembeni. Nikaenda kwenye kabati, nikashusha kioo, nikakipandisha. Nikapindua kochi, nikakuta chini alama ya kiwanda bado inasomeka. Gari zima la kiwandani lilikuwa limetapakaa nyumbani kwetu, tunalikalia, tunalifungua, kuku wanalinyea. Ningesema neno moja tu, kiwanja chetu. Ningesema neno moja tu, na Kiraka linakatwa.

Nisijifanye mtakatifu. Nilikitaka kile kiwanja. Nina miaka arobaini na moja, sina kazi nyingine ninayoijua, na mahali pekee duniani ambapo miguu yangu inajua pa kwenda bila kuniuliza ni pale, kati ya vaisi ya kubania vyuma na mtungi wa gesi. Na nilimkasirikia baba kwa kusema hana, nikamkasirikia mama kwa kutokuwepo aniamulie.

Asubuhi nilimkuta baba ameshafungua geti.

"Baba, kwa nini ulimdanganya yule bwana?"

"Sikumdanganya. Aliniuliza kama mimi ninayo. Mimi sina. Nilishamrudishia mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo, baba."

"Hilo unaniambia mimi?"

Akashika ukingo wa vaisi ili ainuke kwenye benchi. Ilimchukua muda; goti la kulia, kisha la kushoto, kisha pumzi. Nikanyoosha mkono.

"Niache. Sijafa." Akasimama, akapangusa viganja kwenye ovaroli. "Unataka kujua sasa ni vya nani. Siku zile za mwisho nilimuuliza mama yako, vile vitu vyako vya gari navifanyaje. Akasema, 'Vyote mpe Kiguu. Ni vizito. Labda atatulia.'"

Nilicheka, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka, nikageukia ukuta nikajifanya natafuta msasa.

"Basi ni vyako," baba akasema nyuma yangu. "Ukitaka kumwambia, mwambie. Sitakuzuia, na sitakuamulia."

"Lakini wewe unataka nini?"

"Mimi?" Akafikiri. "Mimi nataka mama yako aingie hapo getini anifokee kwamba breki inalia na sare za watu zinachelewa. Hilo kwenye fomu ya yule bwana halipo."

"Tukilirudisha kama zamani, baba, tutakuwa tumemfuta mama."

Alikwenda kwenye turubai la Kiraka, akalivuta upande mmoja likae sawa, ingawa lilikuwa sawa.

Keshokutwa yake Bwana Soksi alifika kabla ya saa tatu, kaka nyuma yake, kalamu tayari mkononi. Karatasi zilikuwa kwenye bahasha. Akasalimia, akaenda moja kwa moja kwenye kigoda chake, maana sasa kilishakuwa chake, akakaa. Akaanza kutusomea masharti. Mnunuzi atachukua gari lilivyo, atalifungua, atatumia kinachofaa kwenye gari jingine, kinachobaki atauza kwa kilo.

Mimi nilikuwa nazunguka. Nilipanga spana kwa ukubwa, nikazipanga tena. Niliposikia "kwa kilo" nikasimama.

"Umeikalia," nikasema.

"Samahani, dada?"

"Injini. Umeikalia. Na juzi pia uliikalia."

Alinitazama kwanza kwa upole, kama wanavyotazamwa watu wenye homa. Kisha akatazama chini kati ya magoti yake. Kisha akaruka. Na lile shati lake jeupe, akapiga magoti kwenye sakafu yenye oili, akaondoa mto wa maua, akaondoa ubao, akafungua turubai. Alitoa ile soksi ya mtoto mfukoni, akapangusa ubavu wa injini mpaka namba ikatokea, akaisoma tarakimu moja moja huku kaka akifuatilia kwenye kadi ya gari. Ya mwisho waliisema pamoja.

"Na paa?" mthamini akauliza.

"Kwenye kuku."

"Mlango?"

"Kabatini."

"Viti?"

"Kaka," nikasema, "kila Jumapili unalalamika mgongo kwa ajili ya nini?"

Nilimwona anavyokumbuka makochi, moja baada ya jingine, na sikio likaanza kumwiva.

Bei aliyoitaja mthamini mara ya pili siitaji. Kaka aliomba maji. Sharti lilikuwa moja tu: gari lirudishwe lote, kama lilivyotoka kiwandani, pasibaki alama hata moja ya kuchezewa. Na kazi hiyo, akasema huku akimwangalia baba kwa heshima mpya, asingeona fundi mwingine wa kuifanya.

"Na mimi nina langu," baba akasema. Akanyoosha kidole kwenye kibao cha mama. "Kitakachotoka."

Mthamini akasoma, akacheka. "Mzee, hivyo ni vyuma chakavu. Chukueni vyote."

"Andika," baba akasema.

Akaandika.

Tulifanya kazi wiki tano. Hakuna mtu mwingine aliyegusa. Baba alikaa kwenye benchi lake na chaki, anainuka kwa taabu, anakuja kuchora mahali pa kukata, anarudi. Alichora juu ya mishono yake mwenyewe, ile aliyoisugua miaka hiyo mpaka isionekane, na hakukosea hata mmoja. Siku ya paa nilizunguka gari mara kumi na grainda mkononi. Nilikagua waya. Nilikunywa maji. Nilikwenda kuangalia kama kuku, sasa wasio na paa, wako salama.

"Kata," baba akasema.

"Nakata."

"Kiguu. Mimi nilipokata mara ya kwanza nilikuwa na woga kuliko wewe. Mama yako alikuwa amekaa hapo hapo kwenye ndoo, ananiambia, 'Usije ukaniharibia gari.' Kata."

Nikakata.

Kitu kilichonimaliza hakikuwa paa. Kilikuwa mlango, ule mpana, wa baba. Nilipouondoa na kuulaza mezani, nikafungua bati la ndani ili nitoe kufuli, na upande wa pili wa bati nikakuta maandishi ya chaki. Chaki ya kushonea, ile bapa, na mwandiko wa mama. Bega. Kiuno. Nyonga hadi goti. Goti hadi kisigino. Mbele ya kila neno kipimo chake, kama anavyoandika kwenye daftari la wateja, na chini amepiga mstari na kuandika: "Fundi, acha nafasi ya kunenepa."

Alijipima mwenyewe. Akampa baba vipimo, baba akamshonea gari. Nilikaa chini sakafuni, mimi, nikalia kwa sauti mpaka baba akauliza kama nimejikata. Nilimwonyesha. Alisoma akiwa ameliweka bati mbali na macho, mkono umenyooka, kwa sababu ya miwani aliyoisahau. "Na hakunenepa," akasema. Kisha akaniambia nilifunike lile bati lisifutike, tukaendelea na kazi.

Siku ya kukabidhi, sumaku ilipita tena na soksi yake. Gari lilikuwa zuri, lazima niseme ukweli. Dogo, limenyooka, linang'aa, paa limerudi chini, milango inafungukia mbele. Injini ya kwenye kigoda iliitika mara ya tatu na kunguruma bila kukohoa, na mthamini akafumba macho. Kwenye fomu mpya, penye neno hali, aliandika: ya asili. Baba akamwomba amsomee. Akamsomea yote, ukurasa mzima, na kila sehemu ilikuwa sawa, na mama yangu hakuwemo hata kwenye mstari mmoja.

"Ni gari zuri," baba akasema. "Mimi silifahamu."

Lilipotoka getini nilijisikia mwizi. Wiki hiyo hiyo tulikwenda na kaka kutia saini karatasi za kiwanja, mwenye kiwanja akatushika mkono, kaka akanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo hafanyi. Nilikuwa na nilichokitaka. Nikarudi karakana, karakana yetu sasa, na nikawa sijui pa kuweka mikono. Penye kigoda palikuwa wazi. Pembeni zilikuwa zimelundikana mali zetu: nusu paa lenye nundu, mlango mpana, kipande cha sakafu, mkono wa breki, na kile kiti.

Wateja wanahitaji pa kukaa. Ndivyo nilivyojiambia. Nilichukua kiti, nikakipigia miguu ya vyuma, nikakifunga kwa bolti nne mahali pale pale pa kigoda, na juu yake nikaweka mto wa maua. Springi niliitia grisi. Baba alikuja na kikombe chake cha chai, akatazama, akazunguka upande wa pili akatazama tena, akakaa. Akanywa chai yote akiangalia barabarani.

Kisha akataka kuinuka. Nilimwona anatafuta vaisi kwa mkono, na vaisi iko mbali na pale. Nikaacha nilichokuwa nashika, nikamwendea.

"Niache," akasema.

Mkono wake ukashuka ubavuni mwa kiti, wenyewe, bila kutazama, ukakikuta kitufe. Springi ikalia kidogo. Kiti kikaanza kupanda, polepole, kama alivyokipima kwa ajili ya nyonga ya mtu mwingine, kikamsukuma baba yangu mgongoni na mapajani mpaka magoti yakanyooka na akawa amesimama, wima, mikono yote miwili hewani, hakuna aliyemshika.

Akanitazama, akatazama kiti.

"Hakina thamani," akasema, akakaa tena.